Safari ya kula Meksiko, na cha kurudi nacho nyumbani

Mtanzania anayekwenda likizo Meksiko kwa nia ya kula vizuri hujiandaa kukutana na mambo mageni. Akishafika, anaowakuta mezani ni jamaa zake wa siku zote: mahindi, maharage, nyanya, boga, pilipili, parachichi na papai. Vyakula hivi asili yake ni Meksiko na nchi nyingine za Amerika. Vilianza kuvuka bahari kuja Afrika karne ya 16, kwa vyombo vya Wareno na wafanyabiashara wengine, vikazoeleka kiasi kwamba leo hakuna anayeviita vya kigeni. Sufuria ya makande inayochemka Lushoto au Moshi, mkulima wa Oaxaca angeitambua kwa harufu tu.

Kwa mpenzi wa chakula, basi, kwenda Meksiko ni kama kwenda kuutembelea ukoo wa ugali. Na kama ilivyo kwa ziara za ukoo, kuna ya kujifunza na kuna ya kuonywa. La kujifunza ni jinsi watu wanavyoweza kukiheshimu chakula cha bibi zao hadi kikawa ndicho cha kwenda kulia nje siku ya mapumziko. La kuonywa ni jinsi chupa ya soda inavyoweza kuingia kwenye meza hiyo hiyo na kuwaumiza watoto. Mzazi mwenye watoto Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya ana sababu ya kuyasikia yote mawili, hata kama hana mpango wa kupanda ndege.

Foleni ya saa nane mchana

Chakula kikuu cha siku Meksiko huliwa mchana, kati ya saa nane na saa kumi. Muda huo ukikaribia, katika mitaa mingi huonekana foleni mbele ya duka dogo lenye mashine inayotoa tortilla za moto, yaani vile vikate vyembamba vya mahindi vinavyofanana kwa umbo na chapati ndogo. Watu hununua kwa kilo. Wengi huja na kitambaa safi cha kuzifungia zisipoe, na si ajabu kumwona mtoto ametumwa na mama yake, kama hapa anavyotumwa kununua chapati au maandazi ya asubuhi.

Unga wa tortilla si kama unga wa ugali. Mahindi makavu huchemshwa kwanza kwenye maji yenye chokaa ya kula, kisha huachwa humo usiku kucha. Asubuhi huoshwa, maganda yake yakiwa yamelainika na kutoka, halafu husagwa yakiwa bado mabichi na kuwa donge laini. Wenyewe huyaita mahindi hayo nixtamal, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Ni ujuzi wa maelfu ya miaka, ingawa maduka mengi ya mjini siku hizi hutumia unga wa kiwandani ambao tayari umepitia hatua hizo.

Kwa mtu wa afya, hapa ndipo penye mazungumzo. Mahindi yana vitamini B3, inayoitwa pia niasini, lakini sehemu kubwa imejifunga ndani ya punje na mwili hauwezi kuichukua. Chokaa huifungua. Chokaa hiyo hiyo huongeza madini ya kalsiamu ambayo mifupa ya mtoto huyahitaji.

Mahindi yalipochukuliwa kwenda Ulaya, ujuzi huu ulibaki nyuma. Maskini wa Hispania na Italia walioishi kwa mahindi karibu matupu walianza kuugua ngozi, kuharisha na kuchanganyikiwa akili. Daktari Gaspar Casal aliuandika ugonjwa huo huko Hispania mwaka 1735, na baadaye ukaitwa pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wengi kusini mwa Marekani. Karibu na kwetu, mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi wakiishi kwa mgawo wa mahindi walipata pelagra kwa maelfu, baada ya karanga kukosekana kwenye mgawo wao.

Karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini. Ndiyo maana nyumba inayokula ugali na maharage, samaki, dagaa, mboga ya karanga au nyama haina sababu ya kuogopa ugonjwa huu. Hatari huja pale mtoto anapobaki na ugali mtupu au uji mtupu, siku baada ya siku.

Taco, mbuzi na nyota

Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi ya Nairobi, na mgeni aliyetoka Pwani hujikuta akihema akipanda ngazi siku mbili tatu za kwanza. Wenyeji wanashauri mgeni ale kidogo usiku hadi mwili uzoee. Ni ushauri mgumu kuufuata katika jiji ambalo kila kona kuna mtu anayekaanga kitu.

Taco ya mtaani ni ndogo, ya kumaliza kwa mara tatu au nne: tortilla, nyama, kitunguu kilichokatwa, giligilani, kipande cha ndimu na pilipili ya kusaga. Pembeni kuna bakuli la nyanya, kitunguu, pilipili na ndimu lililochanganywa pamoja. Wao huliita pico de gallo. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa, hiyo ni kachumbari. Karibu na mashule kuna wauza maembe yaliyopakwa chumvi, ndimu na pilipili, na wauza mahindi ya kuchoma au kuchemsha yenye pilipili na ndimu, ingawa wao huongeza na jibini juu yake.

Taco maarufu kuliko zote mjini hapo, inayoitwa al pastor, hukatwa kutoka kwenye nyama inayozunguka kwenye chuma cha kusimama. Ni mtoto wa shawarma. Wahamiaji kutoka Lebanoni waliufikisha upishi huo Meksiko katika karne ya 20, na Wameksiko wakabadili kondoo kuwa nguruwe.

Hilo la nguruwe familia ya Kiislamu inapaswa kulijua kabla ya safari. Nguruwe ni kitoweo cha kawaida sana, na mafuta yake hutiwa hata kwenye maharage ya kuponda na kwenye tamale, yaani donge la mahindi linalopikwa kwa mvuke ndani ya maganda ya mahindi. Tortilla ya kawaida ya mahindi yenyewe haina mafuta hayo. Samaki wa Veracruz na wa pwani ya Pasifiki ni kimbilio zuri, na maneno ya kuyakariri kabla ya kuagiza ni "sin cerdo, sin manteca", bila nguruwe, bila mafuta yake. Kwa asiyefungwa na suala la uchinjaji, kuna birria, mchuzi wa mbuzi wenye viungo kutoka Jalisco, na barbacoa, kondoo anayefunikwa kwa majani ya mmea wa maguey na kuivishwa kwenye shimo la moto usiku kucha.

Barbacoa ina somo lake. Ni chakula cha asubuhi ya Jumamosi na Jumapili. Familia nzima, bibi, watoto na wajukuu, huenda sokoni au kwenye mgahawa wa pembezoni mwa mji, wakakaa kwenye meza ndefu, wakanywa supu yake na kula nyama kwa tortilla. Wakimaliza hawanyanyuki. Wana neno la muda ule wa kubaki mezani wakiongea vyombo vikiwa vitupu: sobremesa. Watoto husikia humo habari za shangazi, za deni, za shamba na za ndoa. Huo ndio mtoko wao. Wamekwenda kula nje, na walichokwenda kula ni chakula cha mababu.

Heshima hiyo imefika hadi kwenye vitabu vya kimataifa. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza upishi wa jadi wa Meksiko kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, ikitaja kwa namna ya pekee jimbo la Michoacán. Mei 2024, mwongozo wa Michelin, unaojulikana zaidi kwa kupima migahawa ya vitambaa vyeupe, ulitoa nyota kwa El Califa de León, kibanda cha taco katika eneo la San Rafael ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1968. Wateja wake wengi hula wamesimama.

Asiyetaka kusimama hutafuta fonda, ambayo kwetu tungeiita kwa mama lishe. Mchana huuza mlo kamili kwa bei moja: supu, kisha wali au tambi, kisha kitoweo chenye mchuzi, maharage, tortilla na jagi la kinywaji cha matunda. Wafanyakazi wa ofisi, mafundi na wanafunzi hukaa meza moja. Mzazi anayesafiri na watoto wadogo atapata hapa chakula laini kisicho na pilipili, kwa sababu pilipili huwekwa mezani kila mtu ajitilie.

Oaxaca: panzi, mole na mbegu za mchicha

Kutoka Mexico City kwenda Oaxaca, upande wa kusini, ni safari ya basi ya nusu siku, ikipita milima na mashamba ya maguey. Katikati ya mji kuna masoko mawili yanayokaribiana, Benito Juárez na 20 de Noviembre. Kwenye soko la pili kuna ujia uliojaa moshi, ambako mteja huchagua nyama mbichi na kuchomewa papo hapo, sawasawa na nyama choma ya kwetu.

Mlangoni wanakaa akina mama wenye beseni za panzi wekundu waliokaangwa kwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu. Watalii kutoka Ulaya huwapiga picha na kuwala kwa kufumba macho. Mtu wa Bukoba aliyekua na senene atauliza bei tu.

Kinachoupa mji huu sifa zaidi ni mole, mchuzi mzito unaosagwa kwa pilipili kavu za aina mbalimbali, ufuta, karanga au lozi, mdalasini, karafuu, nyanya na, katika baadhi ya aina, chokoleti. Mole nyeusi inaweza kuwa na viungo zaidi ya 20. Kama pilau ya harusi, kila nyumba ina namna yake na kila bibi anaamini wa jirani amekosea. Chokoleti yenyewe husagwa madukani mbele ya mteja, kakao, sukari, mdalasini na lozi, kisha hupelekwa nyumbani kuchemshwa na maji au maziwa. Mtanzania anaweza kujiuliza kwa nini kakao ya Kyela husafirishwa ng'ambo ikiwa mbegu, na mtoto wa Kyela akainunua ikirudi kwenye karatasi inayong'aa.

Lakini zawadi bora ya mtoto katika masoko haya ni kipande kidogo cha bei nafuu kinachoitwa alegría, maana yake furaha. Ni mbegu za mchicha zilizobisishwa kama bisi na kushikanishwa kwa asali au sukari, mara nyingine kwa karanga. Mchicha huohuo ambao Tanzania hula majani yake, Wameksiko hula majani na mbegu. Mbegu hizo zina protini bora kuliko ya mahindi, kwa kuwa zina lisini, kirutubisho ambacho mahindi yana upungufu nacho. Maharage nayo yanayo, na ndiyo sababu sahani ya mahindi na maharage, iwe tortilla ya Oaxaca au makande ya Usambara, humlisha mtoto vizuri kuliko kimoja kikiwa peke yake.

Tumbo la mgeni

Familia za Meksiko zenyewe kwa kawaida hazinywi maji ya bomba. Hununua dumu la lita 20 la maji yaliyosafishwa. Mgeni afanye hivyohivyo, na atumie maji hayo hata kupigia mswaki watoto. Barafu ya kiwandani, ile ya mviringo yenye tundu katikati, ni salama zaidi kuliko iliyogandishwa nyumbani. Kwenye vibanda, chagua penye foleni na chakula kinachotoka motoni muda huo, na kwa matunda, chagua yanayomenywa mbele yako.

Mtoto akiharisha, dawa ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari ya paketi, ORS, na vidonge vya zinki. Vibebwe kutoka nyumbani. Damu kwenye choo, macho kudidimia, kutokojoa kwa saa nyingi au mtoto kulegea si mambo ya kusubiri hadi kesho. Mpeleke hospitali.

Chupa iliyokaa kati ya sahani

Sasa lile la kuonywa. Kwenye meza zilezile za taco na barbacoa, katikati ya sahani, kuna chupa ya soda, mara nyingi ya lita mbili au zaidi. Meksiko ni miongoni mwa nchi zinazokunywa soda nyingi zaidi duniani. Zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu wa umri wa shule ya msingi ana uzito uliozidi, na kisukari ni miongoni mwa magonjwa yanayoongoza kwa kuua watu wazima. Nchi iliyoujua utaratibu wa chokaa na mahindi kwa maelfu ya miaka ilizidiwa ndani ya miongo michache.

Serikali imekuwa ikipambana. Januari 2014 ilianza kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari. Watafiti walipopima mwaka huo, ununuzi ulikuwa umepungua kwa wastani wa asilimia 6, na kufikia Desemba upungufu ulikuwa asilimia 12. Mwaka 2020 pakiti za vyakula zilianza kubandikwa alama nyeusi zenye pembe nane, zinazosema wazi kwamba sukari, chumvi au mafuta yamezidi, na bidhaa zenye alama hizo zikakatazwa kuwa na picha za katuni za kuvutia watoto. Mwaka huohuo jimbo la Oaxaca lilipiga marufuku kuwauzia watoto vinywaji vya sukari na vitafunwa vya aina hiyo. Machi 2025 marufuku ikafika shuleni nchi nzima.

Kazi yote hiyo ni ya kurudisha kilichokuwepo. Kwa maana kinywaji cha jadi bado kipo, kwenye majagi makubwa ya kioo sokoni. Viwili vinavyopendwa zaidi vitamfanya Mtanzania acheke. Kimoja ni jamaica, chekundu na kikali kidogo, nacho ni choya, wengine huiita rozela. Kingine ni tamarindo, yaani ukwaju. Mimea hiyo miwili asili yake ni Afrika. Sisi tumepokea mahindi yao, wao wanakunywa ukwaju wetu, na pande zote mbili watoto wanalilia soda.

Soda moja ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Jagi la ukwaju nalo huwekwa sukari, lakini kijiko kiko mkononi mwa mzazi. Wiki hii anaweza kuweka vitano, mwezi ujao vitatu, na ulimi wa mtoto ukazoea.

Akirudi nyumbani

Msafiri mwenye mabegi yaliyojaa pilipili kavu na chokoleti atamaliza vyote ndani ya mwezi. Vinavyodumu ni vingine, na havihitaji viza.

Cha kwanza ni dona. Sembe nyeupe imeondolewa ganda na kiini, na vitamini nyingi za B zimeondoka nazo. Dona inavibakiza. Kupika mahindi kwa chokaa kunawezekana kwa anayepata chokaa ya kula, lakini chokaa ya kupaka ukuta isiguse chakula. Na mahindi yenye ukungu yasiliwe kwa namna yoyote. Tafiti zinaonyesha chokaa hupunguza sumukuvu, lakini haiimalizi, na Tanzania inaijua sumu hiyo: mwaka 2016 watu 20 walifariki Dodoma na Manyara.

Cha pili ni makande kuitwa chakula, siyo adhabu ya mwisho wa mwezi. Yakipikwa na karanga au nazi, yakawekewa kachumbari yenye giligilani na vipande vya parachichi, ni mlo ambao mgahawa wa Mexico City ungeuza kwa bei nzuri.

Cha tatu ndicho kigumu. Katika familia nyingi za mjini, mtoto akifaulu mtihani au ikifika Jumamosi ya mshahara, zawadi ni chipsi kuku na soda. Chakula cha bibi kinabaki cha siku ambazo hakuna hela. Mtoto anahesabu mwenyewe: kinachopikwa nyumbani ni cha shida, kinachokaangwa dukani ni cha raha. Hesabu hiyo hakuna mwalimu wa lishe anayeweza kuifuta kwa somo moja.

Mzazi anaweza kuibadilisha kwa kuchagua mtoko. Samaki wa kupaka Tanga, supu ya pweza Zanzibar, mtori Moshi, matoke na senene Bukoba, sato wa kuchoma Mwanza, au kwa mama lishe mzuri wa mtaani anayepika mchicha wa nazi na maharage yaliyoiva vizuri. Watoto wavae nguo za kutokea, simu ziwekwe mfukoni, jagi la ukwaju liwe katikati ya meza, na wakimaliza kula wasinyanyuliwe haraka. Meksiko sasa inatumia kodi, sheria na alama nyeusi kuwarudisha watoto wake kwenye meza ya namna hiyo. Kwa familia ambayo bado ina bibi anayejua kupika, gharama ni nauli ya daladala tu.